Kikohozi cha Siku ya Tisa

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kitako na si umelala chali. Huku tuko wazima. Mama anakusalimu na anasema ule vizuri, utadhani hospitali wanakunyima chakula. Wifi yako alipaka rangi jikoni nilipokuwa huko, njano kali kama kiini cha yai, na kila asubuhi ananiuliza kama nimeipenda. Nimejifunza kujibu haraka.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu kati yetu ni kazi bure. Miaka ishirini ya mashine ya kusaga imekula masikio yako, na mimi nimechoka kupiga kelele "UNAENDELEAJE?" pale ofisini mpaka wenye maduka walioleta mizani niikague wananijibu "Salama!" Mpwa wangu ameahidi kukuletea barua zangu wodini, akishazipangusa bahasha kwa dawa kama walivyomwelekeza.

Safari ilikuwa ya siku mbili, vumbi tupu. Nilipofika nililala kidogo, uchovu wa barabara tu. Lakini dada, mapokezi! Mama alikuwa ametangaza mtaa mzima. "Huyu ndiye aliyempa dada yake uhai." Fundi viatu wa pale kona alikuwa hajanisalimu tangu nilipoifungia mizani ya mkewe, lakini safari hii aliinuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikiwaeleza kwamba sikukatwa popote hawataki kusikia. Nawaambia nilichomwa sindano siku tano ili seli shina zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu, kisha nikakaa saa nne mashine ikitoa damu mkono huu, ikizichuja, na kuirudisha mkono wa pili. Wapi! Wao wanataka kisu. Mama ameshaongeza kisu.

Seli zimeanza kushika? Daktari alisema tungoje wiki mbili mpaka tatu. Nahesabu kwenye kalenda ya ofisini. Jitunze, na usiruhusu mtu akusogelee ovyo.

Mdogo wako.


24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata na nimeisoma kwa mafungu, ukurasa asubuhi, ukurasa mchana. Usishangae mwandiko kuyumba. Mwambie Mama nakula. Usimwambie kwamba nilikuwa nakula kwa mrija wa mkononi, maana mdomo na koo vilichubuka kama nimemeza maji ya moto. Sasa naweza kumeza uji. Mpe wifi hongera ya jiko.

Chumba unakijua. Dirisha halifunguki, hewa inapita kwenye chujio lile juu ya mlango, wanasema linanguruma, mimi nawaamini tu. Wote wanaoingia huja na sindano au dripu, isipokuwa yule mama mhudumu wa usafi niliyemwita Jirani. Kila siku mara tatu alipangusa kila kitu, mpaka kamba ya kengele. Kwa kuwa sisikii, na barakoa inaficha midomo nisiweze kuisoma, alileta daftari tukawa tunaandikiana. Siku moja aliandika: "Leo umependeza." Sina hata unywele mmoja! Nikamwandikia: "Muongo." Akajibu: "Nimesema umependeza, sijazungumzia kichwa." Tangu nilipozinduka simwoni. Labda yuko likizo.

Kuzinduka, ndiyo. Siku ya nne baada ya wewe kuondoka homa ilipanda. Chembe zangu nyeupe dawa ilikwisha kuziua zote, na zako zilikuwa hazijashika. Sikuwa na askari hata mmoja. Walipopima walikuta kirusi cha mafua, kile cha kawaida kabisa, kimeshuka kifuani. Daktari aliniandikia: "Kwa mwingine hiki ni kitambaa cha kupenga kamasi. Kwako wewe ni mapafu." Nilikaa na oksijeni wiki mbili. Wiki moja ya hizo siikumbuki. Binti yangu anaikumbuka kwa niaba yangu, ila hataki kuisimulia.

Seli zako zilishika siku ya kumi na tisa. Niliambiwa baadaye.

Daktari aliuliza ni nani aliyeingia humu na mafua. Aliniuliza na mimi. Nilimwandikia kwamba sijui.

Dada yako.


30 Aprili

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Nilisafiri kikazi, nikarudi, nikasafiri tena. Ukaguzi wa mwaka huu umetupeleka kila soko. Mama mzima, goti tu linamsumbua akiinuka. Wifi yako sasa anataka njano hiyohiyo sebuleni.

Hebu nikuchekeshe. Kuna muuza mchele mmoja alibandika kipande cha risasi chini ya sahani ya mizani yake, kidogo hivi, ukubwa wa kiberiti. Nikaweka jiwe langu la kilo, mizani ikasema kilo na robo. Nikamwambia mbele ya wateja wake: "Bwana, huoni haya?" Akanijibu: "Mkaguzi, haya ninayo, nimeiacha nyumbani." Soko zima lilicheka. Nimekumbuka mwaka ule nilipokuja kuifungia mizani yako wewe, dada yangu wa tumbo moja, ukanitoa kinuni kwa ufagio.

Mkuu wetu wa ofisi amesikia habari ya seli shina na anasema wataniandalia jambo. Nimemwambia asijisumbue, hasikii.

Kuhusu homa, tushukuru imepita. Ilikotoka tusichimbe. Hewa ni hewa.

Mdogo wako.


18 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa na kurasa mbili za mizani na mistari miwili ya mimi. Sikulaumu, mizani nayo ina raha yake.

Habari za huku. Mwezi uliopita waliniruhusu kutoka, tukapanga chumba na binti yangu karibu na hospitali, maana natakiwa nifike haraka ikitokea jambo. Likatokea. Kuna kirusi kingine ambacho daktari anasema watu wengi wanacho tangu utotoni, kimelala tu ndani ya mwili, na kikiona kinga imeshuka kinaamka. Changu kimeamka. Wamenirudisha wodini, wiki ya tatu hii niko kwenye dripu ya dawa inayokimaliza, nayo dawa yenyewe inaziandama figo. Kila asubuhi ni kupimwa: damu, mkojo, uzito. Nimekuwa gunia kwenye mizani ya ofisini kwenu.

Nilimkuta mhudumu mwingine kabisa. Nikauliza kwa maandishi: "Jirani yuko wapi?" Muuguzi akaandika: "Ameachishwa kazi." Kisha akaongeza, maana naye aliumia. Siku zile nilipokuwa kwenye oksijeni walifanya uchunguzi wa nani alikuwa anakohoa wiki ile. Mtu akasema alimsikia Jirani akikohoa kwenye korido. Akajitetea kwamba ni ile dawa ya kusafishia sakafu inamkereketa koo. Hawakukubali. Akaambiwa ameleta maradhi kwenye chumba ambacho hata ua haliruhusiwi kuingia. Alitoka siku hiyohiyo, na ndoo zake akaziacha zimejaa maji.

Muuguzi alinipa daftari nijibu. Nikaandika "Maskini." Neno hilo moja. Nikamrudishia daftari.

Dada yako.


9 Juni

Dada,

Shikamoo. Wote wazima. Leo sikupi habari za nyumbani, maana nikizianza nitajificha ndani yake kama nilivyozoea.

Ni mimi.

Unakumbuka nilikuja kukuaga siku ya tisa baada ya wewe kuwekewa zile seli. Asubuhi yake niliamka pale gesti koo likiwasha. Kufika mchana nilikuwa na kikohozi kikavu. Tiketi ya basi ilikuwa ya kesho yake. Mlangoni kwako alisimama yule muuguzi mfupi mwenye ubao wa fomu.

"Homa?" akauliza.

"Hapana."

"Mafua? Kikohozi?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Sista, mimi mzima kama chuma."

Akacheka. "Aa, wewe si mgeni hapa, wewe ndiye mwenye mali." Akanipa kalamu nikasaini.

Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Kwamba ningeondoka bila kukuona na huenda isingekuwepo mara nyingine. Kwamba damu unayoipokea ni yangu, kwa hiyo ugonjwa wangu usingekudhuru. Nilijiambia hivyo mimi mtu mzima, niliyesoma. Lakini ukweli wenyewe ni mdogo na mchafu zaidi. Kwa wiki mbili wauguzi walikuwa wananipisha njia, wananiita mfadhili. Niliona aibu kusimamishwa mlangoni kama mtu yeyote.

Nilipokuwa ndani kikohozi kilikuja. Nikageukia dirishani, nikajifanya natazama magari yaliyoegeshwa kule chini, nikakoholea kwenye kiwiko mara tatu. Barakoa ililoa, nikaishusha chini ya pua nipate pumzi. Nilipogeuka ulikuwa umeelekea ukutani. Na hapo, dada, nilimshukuru Mungu kwamba husikii. Nililishukuru sikio lako bovu. Hilo ndilo linaloniamsha.

Nilikuandikia kwamba nilipofika nyumbani nililala kidogo. Nililala siku saba, na zahanati walinipa dawa ya kifua. Barua yako ya Machi niliisoma nimesimama palepale posta, nikaenda kuifungia kwenye sanduku la mawe ya mizani, chini kabisa, chini ya jiwe la kilo kumi.

Nataka kumwandikia muuguzi mkuu kuhusu huyo mama. Nimeianza barua hiyo mara nne. Nisemeje?

Mdogo wako.


1 Julai

Mdogo wangu,

Nilijua.

Wewe unadhani asiyesikia haoni? Miaka yote hii nasikia kwa macho. Mteja akinung'unika naona bega lake kabla hajafungua mdomo. Siku ile mgongo wako ulitikisika mara tatu. Mtu anayetazama magari hatikisiki.

Kengele ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimefundishwa: ukiona mtu anakohoa, bonyeza, hata kama ni daktari. Kidole kilikuwa juu yake. Nikapiga hesabu yangu. Nikibonyeza, watakutoa. Siku tisa nilikuwa sijaguswa na mtu asiyevaa glavu, na wewe ulipoingia tu uliniwekea mkono mguuni, juu ya shuka. Nikaona bora unibakie dakika kumi. Basi nikageuka ukutani ili usijue kwamba nimeona.

Na daktari aliponiuliza, nilijua jibu. Muuguzi aliponiambia kuhusu Jirani, nilijua jibu. Wewe ulisaini uongo mara moja. Mimi nimeuandika kwa mkono wangu mara mbili.

Ila usije ukadhani nimekusamehe kwa kuwa na mimi nimo. Jana nilipanda ngazi za hapa tunapokaa, ziko kumi na moja. Nikakaa kwenye ya sita kama mzigo uliosahauliwa na mpagazi, watoto wakiniruka. Daktari anasema kifua hiki hakitarudi kama zamani. Mimi niliyekuwa nainua gunia peke yangu. Nimekukasirikia, na nakula na kulala na damu yako humu ndani, kwa hiyo hata hasira yenyewe sina pa kuipeleka.

Sasa nisikilize. Usiwaandikie. Mimi bado niko mikononi mwao. Kila wiki wananipima, kila homa ndogo nawakimbilia. Wakijua kwamba nilimdanganya daktari kwa jambo kama lile, watanitazamaje? Na Mama je? Ataishije na mtaa wake? Acha. Jirani ana mikono yake, atapata kazi nyingine.

Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Inanichefua. Lakini siifuti, ujue dada yako yukoje.

Wasalimie.


20 Agosti

Dada,

Shikamoo. Goti la Mama limepata nafuu. Wifi yako anakusalimu, anasema ukipona uje akupakie kinu rangi.

Ulipoandika "usiwaandikie" nilipumua. Sikufichi. Siku ile nilikula vizuri, hata wifi yako akaniuliza nimepata habari gani njema. Nilijiambia namtii dada. Nilitii mwezi mzima.

Kisha ofisi wakafanya lile jambo lao. Viti, kipaza sauti, cheti kwenye fremu: "Mfanyakazi Mwenye Moyo." Mama alikaa mstari wa mbele na kilemba kipya. Mkuu akahutubia kuhusu mtu anayetoa sehemu ya mwili wake, watu wakapiga makofi, nikaitwa niseme mawili matatu.

Nikashika kipaza sauti. Nilitaka kusema asanteni. Nikasikia nasema: "Nilimpa dada yangu seli, halafu siku ya tisa nikaingia chumbani kwake na kikohozi nilichokificha. Nusura afe. Mwanamke mmoja mhudumu alifukuzwa kazi kwa ajili ya kikohozi changu. Hiki cheti sikistahili."

Hakuna aliyekohoa hata kusafisha koo. Mama akaniita kutoka mstari wa mbele. "Kaa chini, mwanangu, umechoka."

Nyumbani hakunisemesha siku sita. Siku ya saba nilikuwa nafunga kamba za viatu, akasimama mbele yangu. "Ulimkoholea mwanangu," akasema. Hakusema dada yako. Nikaitika. Akaniuliza: "Na huyo mwanamke wa usafi, naye ana mama?"

Barua niliiandika asubuhi hiyohiyo na kuiposti kabla sijaingia kazini. Nimeweka tarehe, saa, jina la gesti, na saini kama ile ya kwenye fomu yao. Wewe sikukuingiza. Nimesema hukuona wala hukusikia kitu.

Nimevunja amri yako. Nitukane ukipenda, ila uniandikie.

Mdogo wako.


22 Septemba

Mdogo wangu,

Nilikutukana. Karatasi hizo nimezichana, kwa hiyo umebakiwa na hii.

Wiki iliyopita nilikwenda kuchanjwa. Chanjo zote za utotoni zimefutika pamoja na ile damu yangu ya zamani. Sasa nachanjwa upya kama kichanga, mimi mwenye binti mkubwa, na muuguzi ananipuliza mkono nisilie. Nilipomaliza, muuguzi mkuu aliniita ofisini. Barua yako ilikuwa mezani. Akanisogezea karatasi: "Ulijua?"

Ulikuwa umenifungulia mlango wa kutokea, nashukuru. Ningeandika hapana, mambo yakaisha. Kalamu niliishika muda mrefu mpaka akadhani mkono unaniuma. Nikaandika: "Niliona."

Hakunipigia kelele, au labda alipiga. Alinitazama tu. Kisha akaandika kwamba kirusi hakina kitambulisho, huenda kilitoka kwako, huenda kilitoka kwa mwingine, wao hawataweza kuapa. "Lakini yeye tulimhukumu kana kwamba tumeapa," akaandika, akapigia mstari. Alikuwa ameona aibu kuliko mimi. Sikujua kwamba inawezekana.

Wanamwandikia Jirani arudi. Alishahama, yuko kwa wazazi wa mumewe, mji ulio saa tatu kutoka kwako. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Barua yao itafika kwa posta. Wewe fika kwa miguu yako, umwambie yote, hata kwamba mimi niliona. Ningekwenda mwenyewe, ila mabasi na mikusanyiko nimekatazwa mpaka mwaka uishe.

Humu kuna bahasha ndogo niliyoifunga. Ni yake. Usiifungue.

Dada yako.


14 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Nyumbani salama. Nimerudi jana, na nakuandikia kabla sijaanza kuipamba habari hii kichwani.

Nilichelewa kwa sababu nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilifika mpaka kituo cha basi cha mji ule, nikanywa chai, nikapanda basi la kurudi. Nimeona nawe ujue ndugu yako yukoje.

Jana nilifika. Nyumba ya vyumba viwili na kibaraza, mlango wa kijani. Alikuwa anapangusa fremu ya mlango, polepole, mpaka kwenye pembe. Nilimtambua kwa mkono huo kabla ya sura, maana sura yake sikuwahi kuiona bila barakoa. Nikabisha hodi, nikamwambia mimi ni ndugu yake yule mgonjwa wa chumba cha tatu, asiyesikia.

Akaweka kitambaa chini. Akauliza kwa sauti ndogo: "Alikufa lini?"

"Hajafa."

"Usinidanganye."

"Hajafa, mama. Anachanjwa chanjo za watoto. Ameniagiza nikuletee hii."

Akakaa pale kwenye ngazi ya kibaraza. Barua ya hospitali ilikuwa haijamfikia. Miezi minane, dada, alikuwa anaamini ulikufa na kwamba ni yeye aliyekuua. "Nilijua ni ile dawa ya sakafu," akaniambia. "Koo lilikuwa linawasha tangu niajiriwe. Lakini waliniambia, wakaniambia tena, mpaka nikaanza kujisikiliza usiku na mchana. Nikasema basi, huenda wanajua kuliko mimi."

Hapo nikamweleza. Nilisimama uani mikono nyuma kama mwanafunzi. Nilimwambia koo, tiketi, fomu, dirisha.

"Ulisaini?" akauliza.

"Nilisaini."

"Ukijua?"

"Nikijua. Na dada yangu aliniona, akanyamaza. Amesema nikwambie na hilo."

Aliigeuza bahasha yako mikononi, akaitazama mbele na nyuma, hakuifungua. Nikamwambia kazi yake ipo, wanamwita arudi. Akageuza kichwa kuelekea ndani ya nyumba, kisha akanitazama mimi.

"Mama mkwe yuko humo chumbani," akasema. "Tangu nirudi amenitengea kikombe changu na sahani yangu. Hataki nimbebe mjukuu wake mbele yake. Hanitukani. Anahamisha tu vyombo. Sasa hayo uliyoniambia, yarudie. Kwa sauti."

Nikarudia. Sauti ilinitoka nyembamba.

"Ongeza," akasema. "Ameziba dirisha kwa pazia."

Nikarudia kwa sauti zaidi. Mtu wa nyumba ya pili aliyekuwa anafagia akasimamisha ufagio. Mwanamume aliyekuwa anapita na baiskeli akapunguza mwendo. Nilisema jina langu lote, nikasema kazi yangu, nikasema nilikohoa mimi, si yeye, na kwamba niliulizwa nikakataa. Uso uliniwaka mpaka machozi yakatoka, nikayaacha.

Pazia la mlango likafunuka. Bibi mmoja mwembamba akatoka, akishika ukuta. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Nilidhani atanifukuza. Akanipita tu, akashuka taratibu, akakaa pale kwenye ngazi karibu na mkwewe, bega kwa bega, nafasi ilivyokuwa finyu.

"Sikusikia vizuri mwanzo," bibi akasema, akitazama mbele. "Aanze tena."

Nikaanza tena. Mimi nimesimama, wao wamekaa, na hakuna aliyeniambia nikae.

Mdogo wako.